Molekuli Mbili Kwenye Kibano cha Mwanga

Kila aliyepita kidato cha sita na kemia anaijua kanuni ya Arrhenius. Ukiongeza joto, mmenyuko unakwenda haraka. Ukipunguza joto, unazubaa. Ndiyo maana maziwa yanakaa siku kadhaa kwenye friji, lakini ukiyaacha mezani hapa Dar yanaharibika kabla ya jioni. Tuliiandika kwenye madesa yetu hivi: k = A e^(−Ea/RT). Tukaikariri, tukapata alama zake, tukasonga mbele.

Leo naomba tuirudie kidogo, halafu tuibane kwenye kona. Chukua mmenyuko wa kawaida wenye nishati amilishi ya kilojuli 50 kwa moli. Kwenye joto la chumba, yaani 300 K, kipeo cha e kinatoka kama hasi 20. Namba ndogo, lakini mmenyuko unakwenda. Sasa shusha joto hadi mikrokelvini 1, yaani sehemu moja ya milioni ya Kelvini moja. Kipeo kinakuwa hasi bilioni 6. Kikokotoo chako kitakuandikia sifuri, na hakitakuwa na kosa. Kwa hesabu hiyo, kwenye baridi ya namna hiyo kemia imekufa na kuzikwa.

Lakini mwaka 2010, mjini Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, watafiti walikuwa na gesi ya molekuli yenye baridi kuliko hata hiyo mikrokelvini 1. Na molekuli zikamenyuka. Wala si moja moja kwa bahati. Zilimenyuka mpaka gesi yenyewe ikawa inapungua kadiri sekunde zinavyopita.

Makala hii inaeleza jambo hilo liliwezekanaje: jinsi leza inavyopoza molekuli, jinsi molekuli zinavyonaswa, na nini kinatokea zikigongana. Nina sababu ya pili ya kuandika, naisema wazi kabisa. Kozi ya hiari ya fizikia ya atomu na leza iko hatarini. Mwaka jana tuliisoma watu saba. Semista hii orodha ina majina manne, na ikibaki hivyo haitafundishwa. Swali ninalokutana nalo kila nikimshawishi mtu ni lilelile: "Hiyo itatusaidia nini mtaani?" Nitalijibu, lakini kwanza tuingie darasani.

JOTO LINAFICHA NINI?

Joto la gesi ni kipimo cha vurugu ya chembe zake. Molekuli za naitrojeni zilizokuzunguka sasa hivi zinakwenda kwa kasi ya kama mita 500 kwa sekunde, kila moja na uelekeo wake. Juu ya hapo, kila molekuli inajizungusha, na atomu zake zinaweza kutikisika kama vitu viwili vilivyounganishwa kwa springi. Zikigongana mbili, huwezi kusema zilikuja kwa kasi gani hasa, zilikuwa zinazunguka vipi, wala ziligongana kwa pembe ipi. Unachopima maabara ni wastani wa matrilioni ya migongano, kila mmoja na hadithi yake. Ni kama kutaka kujua tabia ya mtu mmoja kwa kusikiliza kelele za Kariakoo siku ya Jumamosi.

Wanakemia wameliona tatizo hili zamani. Dudley Herschbach, Yuan T. Lee na John Polanyi walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1986 kwa kazi iliyoonyesha kinachotokea ndani ya mmenyuko mmoja mmoja. Herschbach na Lee walifanya hivyo kwa kukutanisha mikondo miwili ya molekuli kwenye ombwe. Hiyo ilipunguza vurugu. Haikuimaliza.

Kuna kitu kingine ambacho joto linakificha. Kila chembe ina tabia ya wimbi, na urefu wa wimbi hilo unaongezeka kadiri chembe inavyopungua kasi. Tufanye hesabu kwa molekuli tutakayokutana nayo sana leo, kalsiamu monofloraidi (CaF), yenye uzito wa vizio 59 vya atomu. Kwenye 300 K wimbi lake lina urefu wa kama nanomita 0.013. Hiyo ni ndogo kuliko atomu yenyewe, kwa hiyo unaweza kuichora molekuli kama gololi na usikosee sana. Kwenye mikrokelvini 1, wimbi lilelile linafika kama nanomita 230. Sasa molekuli imetanuka kuliko ukubwa wake mara mamia. Zikikutana mbili, hazigongani kama gololi, yanakutana mawimbi. Sheria za mgongano zinabadilika kabisa.

Kwa hiyo nia ya kupoza siyo kugandisha. Nia ni kuondoa kelele ili uisikie molekuli yenyewe inasema nini.

MWANGA UNAPOZAJE?

Hapa ndipo wengi wanapokunja uso. Leza inakata chuma, inachoma, iweje ipoze?

Jibu ni msukumo. Fotoni haina uzito, lakini ina msukumo. Atomu ikimeza fotoni inayokuja kutoka mbele, inasukumwa nyuma kidogo. Baadaye inaitoa fotoni nyingine, lakini inaitoa uelekeo wowote, kwa hiyo misukumo ya kutoa inafutana kwa wastani. Ile ya kumeza haifutani, kwa sababu yote inatoka upande mmoja. Rudia mara elfu kadhaa na atomu itapungua kasi, kama lori linalorushiwa mipira ya tenisi ya mezani. Mpira mmoja si kitu. Mipira isiyo na idadi ni breki.

Ila ukiirushia mwanga kutoka pande zote, utajuaje kwamba unaipunguzia kasi badala ya kuiongezea? Hapo inaingia athari ya Doppler. Umesimama kituoni, basi la mkoani linakuja linapiga honi: linapokuja sauti iko juu, likishakupita sauti inashuka. Leza inawekwa masafa ya chini kidogo kuliko yale ambayo atomu inayapokea. Atomu inayoikimbilia leza inayaona masafa yamepanda, yanalingana na yake, inameza fotoni na kupigwa breki. Ile inayoikimbia haioni kitu. Kila upande atomu inaokimbilia, inakutana na ukuta laini wa mwanga. Wazo hili lilitolewa mwaka 1975 na Theodor Hänsch na Arthur Schawlow, na mwaka huohuo David Wineland na Hans Dehmelt walilipendekeza kwa ioni. Mwaka 1985, kundi la Steven Chu kwenye maabara za Bell lilipoza atomu za sodiamu hadi kama mikrokelvini 240. Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipewa Nobel ya Fizikia mwaka 1997 kwa kazi ya aina hii.

Ukiongeza uga wa sumaku uliopangwa vizuri, breki inageuka kuwa mtego: chembe ikitoka katikati, inasukumwa irudi. Na hapa watu huwa wanashangaa: chombo chenyewe hakina barafu yoyote. Kuta zake ziko kwenye joto la chumba. Baridi iko kwenye kile kiwingu kidogo tu, kinachoelea katikati ya ombwe bila kugusa chochote.

Sasa shika kalamu. Msukumo wa fotoni moja ni h/λ. Kasi ambayo CaF inapoteza kwa kila fotoni ni h/(mλ). Weka m = 59 × 1.66 × 10⁻²⁷ kg, na λ = nanomita 606, ambayo ni rangi ya machungwa. Jibu ni kama sentimita 1.1 kwa sekunde. Kama molekuli inakuja na kasi ya mita 150 kwa sekunde, unahitaji fotoni 13,000 na zaidi kuisimamisha. Ishike hiyo namba kichwani. Tabu yote ya molekuli imo humo.

TABU YA MOLEKULI

Atomu ya sodiamu ni abiria mwaminifu. Inameza fotoni, inapanda ngazi ya juu, inatoa fotoni, inarudi palepale ilipoanzia. Inaweza kurudia safari hiyo maelfu ya mara.

Molekuli haiko hivyo. Ikirudi kutoka juu, inaweza kuangukia ngazi ya chini lakini ikiwa inatikisika, au inajizungusha kwa namna nyingine. Yaani imeshuka kituo kisicho chake. Leza haiioni tena, kwa sababu masafa hayalingani, na molekuli inaendelea na safari yake kama hakuna mtu aliyeigusa. Kwa molekuli nyingi jambo hili linatokea baada ya fotoni chache tu. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliona kupoza molekuli kwa leza ni ndoto.

Ufumbuzi ulikuja kwa kuchagua molekuli kwa akili. Mwaka 2004 Michael Di Rosa alionyesha kwamba ziko molekuli ambazo elektroni inayopokea mwanga haishughuliki sana na kamba inayozifunga atomu mbili. Elektroni hiyo ikipanda na kushuka, springi haitikiswi sana. CaF na ndugu yake strontiamu monofloraidi (SrF) ni za ukoo huo. Molekuli hizi zinarudi kituo sahihi kama mara 98 kati ya 100.

Asilimia 98 kwenye tesiti ungefanya sherehe. Hapa haitoshi. Piga 0.98 kwa kipeo cha 50, unapata 0.36. Yaani baada ya fotoni 50 tu, karibu theluthi mbili ya molekuli zimeshapotea, na wewe unahitaji 13,000. Kwa hiyo inaongezwa leza ya pili, yenye rangi tofauti kidogo, ambayo kazi yake ni ya konda: inaziokota molekuli zilizoshuka kituo cha kwanza kisicho chao na kuzirudisha kwenye basi. Kisha leza ya tatu kwa zilizoshuka kituo cha pili. Kila leza inayoongezwa inarefusha safari mara nyingi. Ule mzunguko wa molekuli nao una dawa yake: ukianzia ngazi fulani ya mzunguko, sheria za kwantamu zenyewe zinailazimisha molekuli irudi ngazi ileile.

Mwaka 2010, kundi la David DeMille kwenye Chuo Kikuu cha Yale lilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba leza inapoza molekuli kweli, na molekuli yao ilikuwa SrF. Mwaka 2014 kundi hilohilo liliinasa kwenye mtego wa mwanga na sumaku, ikiwa na joto la kama milikelvini 2.5. Mwaka 2017, Imperial College ya London waliishusha CaF hadi mikrokelvini 50. Kwenye joto hilo CaF inatembea kama sentimita 15 kwa sekunde. Kobe na molekuli wangeweza kushindana.

Maandalizi yenyewe yanavutia. Kipande cha kalsiamu kinapigwa na mpigo wa leza kali, kinatoa mvuke, mvuke unamenyuka na gesi yenye florini, na CaF inayozaliwa inapozwa kwanza kwa kugongana na atomu za heli kwenye kama 4 K. Ndipo inatoka kama mkondo na kukutana na leza za breki.

NJIA YA PILI: JENGA MOLEKULI KWA ATOMU ZILIZOPOA

Wengine waliamua kuzunguka tabu hiyo. Badala ya kupoza molekuli, wakapoza atomu, ambazo ni rahisi, kisha wakaziunganisha bila kuzipasha moto. Mwaka 2008, kundi la Deborah Jin na Jun Ye kwenye taasisi ya JILA huko Boulder lilichukua atomu za potasiamu na rubidiamu, likatumia uga wa sumaku kuzishikanisha kwa kamba dhaifu, halafu likatumia leza mbili zinazopokezana kuishusha kila molekuli hadi ngazi ya chini kabisa ya nishati. Nishati inayotoka haigeuki kuwa joto. Inaondoka na mwanga. Matokeo: gesi ya molekuli za KRb yenye joto la nanokelvini mia kadhaa, zote zikiwa hali moja ya ndani.

Hii ndiyo gesi iliyomenyuka mwaka 2010.

KWA NINI ZILIMENYUKA?

Turudi kwa Arrhenius. Kanuni yake haisemi uongo; inasema kama kuna kilima cha nishati katikati ya njia, molekuli baridi haziwezi kukipanda. Lakini molekuli mbili za KRb zinapobadilishana wenzi na kuwa K₂ na Rb₂, njiani hakuna kilima. Nishati inayotoka ni kidogo kwa vipimo vya kemia, sawa na kama 14 K ukiiandika kwa kizio cha joto, lakini ikilinganishwa na joto la gesi yenyewe ni kubwa mara makumi ya mamilioni. Mazao ya mmenyuko yanaruka nje ya mtego kama risasi.

Kumbe basi kila mgongano ulipaswa kuwa mmenyuko? Hapana, na hapa ndipo utamu ulipo.

Hesabu protoni, nutroni na elektroni zote za molekuli ya KRb waliyoitumia, yaani potasiamu-40 na rubidiamu-87. Potasiamu ina 59, rubidiamu ina 124, jumla 183. Ni namba witiri, na chembe yenye jumla ya witiri ni fermioni. Fermioni mbili zinazofanana kila kitu haziruhusiwi kukutana uso kwa uso. Ni lazima zipishane kwa mzunguko, na mzunguko huo unajenga kilima chake, kisichotokana na kemia hata kidogo bali na sheria ya kufanana. Molekuli zenye baridi kiasi kile haziwezi kukipanda kilima hicho. Zinapenya chini yake kwa njia ya kwantamu, chache chache. Kwa hiyo mmenyuko ulikuwepo, lakini wa polepole.

Kisha watafiti wakafanya jambo dogo sana. Wakachukua sehemu ya molekuli na kubadilisha spini ya viini vyake. Spini ya kiini! Kitu ambacho kwenye kemia ya kawaida hakuna anayekihesabu. Molekuli zikawa za aina mbili, hazifanani tena, kizuizi kikaondoka. Mmenyuko ukaongezeka kasi kati ya mara 10 na mara 100. Atomu ni zilezile, joto ni lilelile, kamba za kemia ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaweza kuzitofautisha.

Wakati ule walichokiona ni molekuli kupotea tu. Mazao yalikuwa yameshakimbia. Mwaka 2019 kundi la Kang-Kuen Ni kwenye Chuo Kikuu cha Harvard liliyakamata mazao yenyewe, K₂ na Rb₂, na zaidi ya hapo likaiona hatua ya katikati: atomu nne zikiwa zimeng'ang'aniana, K₂Rb₂, kabla hazijaamua kuachana. Kwenye vitabu vyetu hatua ya katikati huwa ni mchoro wenye kialama juu. Hapo ilipimwa.

MOLEKULI MBILI, BASI

Bado gesi ni umati. Ukitaka mgongano mmoja hasa, unahitaji molekuli mbili tu. Chombo cha kufanya hivyo ni kibano cha mwanga, uvumbuzi uliompa Arthur Ashkin Nobel mwaka 2018. Ukikusanya mwale wa leza mpaka ukawa na kiini chembamba sana, chembe ndogo inavutwa kwenye sehemu yenye mwanga mkali zaidi na kukaa humo. Ukiusogeza mwale, chembe inafuata.

Mwaka 2019 kundi la John Doyle wa Harvard, likishirikiana na Ni na Wolfgang Ketterle wa MIT, lilipanga molekuli za CaF kwenye vibano, moja kwa kila kibano. Mwaka uliofuata wakachapisha jaribio ambalo unaweza kulieleza kwa mtoto. Piga picha: kuna molekuli moja huku na moja kule. Unganisha vibano viwili kuwa kimoja. Subiri. Tenganisha. Piga picha tena. Kama zote zipo, hazijadhuriana. Kama zimetoweka, zimegongana vibaya. Rudia mara nyingi, ukibadilisha muda wa kusubiri.

Zilitoweka. Hata zikiwa kwenye hali ya chini kabisa ya nishati, kiwango cha kupotea kilikuwa kama 1.4 × 10⁻¹⁰ cm³ kwa sekunde, karibu na kile ambacho nadharia inakitabiri kama kila jozi inayosogeleana sana inapotea. Kumbuka CaF ina jumla ya chembe 88, namba shufwa, kwa hiyo ni bosoni. Haina ule ulinzi wa fermioni.

Hili ni tatizo kubwa kuliko linavyoonekana. Ipo migongano ya aina mbili: ile ya kupigana kikumbo na kila mmoja kuendelea na safari yake, na ile ya kuharibiana. Ya kwanza tunaihitaji. Chai yako inapoa kwa sababu molekuli zenye nguvu zinatoroka na mvuke, na zilizobaki zinagawana upya nishati kwa kugongana. Gesi ndani ya mtego inapozwa hivyohivyo. Lakini kama kila kugongana ni kupotea, utabaki na kikombe kitupu kabla chai haijapoa.

Mwaka 2021 kundi hilo likaleta ngao. Molekuli ya CaF ina upande chanya na upande hasi, na inaitikia mawimbi ya maikrowevu, jamaa ya yale ya jikoni lakini yenye masafa ya karibu bilioni 20 kwa sekunde. Ukiyachagua masafa na nguvu sawasawa, molekuli mbili zinazosogeleana zinaanza kusukumana kabla hazijafika mahali pa hatari. Kiwango cha kupotea kikapungua mara 6. Mwaka 2024, kundi la Sebastian Will kwenye Chuo Kikuu cha Columbia lilitumia ngao ya maikrowevu iliyoboreshwa kwa molekuli za sodiamu na sesiamu, NaCs, likazipoza hadi nanokelvini 5 na kupata mkusanyiko wa Bose na Einstein, hali ambayo molekuli zote zinakuwa kama wimbi moja. Kwa atomu jambo hilo lilifanyika mwaka 1995. Kwa molekuli zenye dipoli kama hizi ilibidi tusubiri miaka 29, na moja ya sababu kubwa ilikuwa hiyo migongano.

ITATUSAIDIA NINI?

Sasa lile swali. Kuna jibu la matumizi: mwaka 2023 makundi mawili, la Princeton na la Harvard, yalifungamanisha kikwantamu molekuli mbili za CaF kwenye vibano, na hiyo ni hatua kuelekea kompyuta za kwantamu za molekuli. Ni jibu la kweli, lakini sitaki kulitegemea peke yake. Maabara ya namna hii ina leza nyingi na ombwe kali, na sitamdanganya mtu kwamba tutajenga moja hapa chuoni mwakani.

Jibu langu ni jingine. Sisi tumelelewa kwenye elimu ya fomula. Unapiga msuli, unaibeba, unaimwaga kwenye karatasi, unaisahau. Fomula inageuka kuwa sheria isiyo na mipaka. Jaribio la KRb linakufundisha kuuliza: fomula hii ilidhani nini ili iwe kweli? Arrhenius ilidhani kuna kilima. Picha ya gololi ilidhani wimbi ni fupi. Ukiondoa dhana, ulimwengu mwingine unafunguka. Mhandisi anayejua mipaka ya fomula yake hajengi daraja linaloanguka. Daktari anayejua mipaka ya kipimo chake haui mgonjwa. Tabia hiyo inatumika mtaani kuliko cheti.

Na sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji leza. Kabla ya ngao ya maikrowevu kujaribiwa kulikuwa na watu waliokaa na kompyuta wakikokotoa nguvu kati ya molekuli mbili. Makala nyingi za majaribio niliyoyataja zinapatikana bure kwenye hifadhi ya arXiv. Unachohitaji ni bando na subira. Fizikia ya kwantamu ya mwaka wa pili inakutosha kuanza.

Dirisha la kusajili kozi za hiari bado halijafungwa. Majina ni manne. Wa kemia mnakaribishwa kuliko hata sisi wa fizikia, maana mgongano huu ni wenu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. SrF ina uzito wa vizio 107 na inapozwa kwa mwanga wa nanomita 663. Onyesha kwamba kila fotoni inaipunguzia kasi ya kama sentimita 0.56 kwa sekunde. Inahitaji fotoni ngapi kusimama kutoka mita 140 kwa sekunde?

2. Leza za konda zimefanya kazi hadi molekuli 1 tu inapotea kwa kila fotoni 10,000. Baada ya fotoni 13,000, ni sehemu gani ya molekuli inabaki? (Ukipata kama asilimia 27 uko sawa.)

3. Hesabu chembe za molekuli ya NaCs, yenye sodiamu-23 na sesiamu-133. Ni bosoni au fermioni? Halafu eleza kwa maneno yako mwenyewe, bila fomula, kwa nini iliihitaji ngao.